Kuni za Kumwonyesha Mkaguzi

Jumatatu, 6 Februari 1967
Nafasi ya msimamizi wa wodi ya watoto iko wazi! Tunaoitaka ni wawili: mimi Keinan, dresa, yaani mfunga vidonda, mwenye kipaji cha uongozi, na Nesi Batula, mwenye sauti. Mkaguzi atatoka Isiolo Jumamosi, mabomu ya barabarani yakimruhusu. Lazima aione elimu ya afya kwa macho yake. Kwa hivyo nimetangaza shindano. Kila mama mwenye mtoto anayehara achemshe maji mbele ya wodi, kwa kuni zake mwenyewe. Zawadi: kipande cha sabuni.

Batula akasema tuchote tu maji ya birika kabla majani ya chai hayajatiwa, kwani yamekwisha kuchemka. Wivu huo. Birika halimpandishi mtu cheo.

Jumatano, 8 Februari
Mambo moto! Habibo, mama wa kichanga Arbia, kaletewa mzigo wa kuni na shemeji zake. Maka wa kitanda cha pili hana hata kijiti. Hawa wawili ni mashoga tangu walazwe na watoto wao, ingawa koo zao ziligombania kisima Modogashe mwaka jana hadi damu ikamwagika. Juzi wamewachumbisha watoto wao, Sugow wa Maka na Arbia wa Habibo, ili wazee wa koo wapatane. Maka kamvisha Arbia bangili. Wodi nzima ilipiga vigelegele, nami pia.

Leo nilimwambia Maka mbele ya wenzake kwamba mama asiye na kuni hana uchungu na mwanawe. Alitazama nje, upande wa kizuizi cha askari. Nikadhani amenielewa.

Alhamisi, 9 Februari
Balaa! Maka alitoka alfajiri kutafuta kuni ng'ambo ya kizuizi, bila kibali. Askari wamemkamata, eti anawapelekea chakula shifta, wale waasi wa porini. Nilikwenda kumwombea. Nikaambiwa nirudi kesho, tena nikimbie kabla kafyu haijanikuta.

Sugow analia, kijiko hataki. Nikaamua kama msimamizi: Habibo amnyonyeshe. Habibo alisita, akataka kusema neno. Nikamwambia maneno baadaye, abaayo, dada yangu, mtoto kwanza. Akamnyonyesha kutwa, na usiku pia. Mtoto kapona! Nikaenda kujisifu kwa Batula. Yeye akaniuliza kama nimesahau bangili.

Ya Allah. Nilikuwa nimesahau kabisa. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani.

Ijumaa, 10 Februari
Maka ameachiwa baada ya swala. Kiatu kimoja, kuni hakuna. Alimkumbatia Habibo, akamshukuru kwa uhai wa mwanawe. Kisha Habibo akamvua Arbia bangili na kumrudishia, wote wawili wakilia. Sasa wazee wa kisima wataambiwa nini? Nikampa Maka ile sabuni. Akairudisha mezani. Afadhali angenitukana! Ninajuta, ninajuta kweli.

Jumapili, 12 Februari
Mkaguzi hakufika jana. Lori lililotangulia msafara lilikanyaga bomu, na sasa askari wanamshuku kila mtu mwenye jembe. Atakuja Alhamisi. Batula anawagawia akina mama maji ya birika na watoto wameacha kuhara. Bahati yake.

Mimi nimekaa nikajihoji bila huruma. Kosa langu nimeliona: kuni. Kuni humtoa mtu mjini. Sitazitaja tena maishani.

Vyoo! Choo hakimpeleki mtu popote. Kesho natangaza shindano la mtaa wa Waberi: kila nyumba ichimbe shimo lake kando ya barabara kuu, mkaguzi ayahesabu akiwa ndani ya gari. Mchana jua ni kali mno, kwa hivyo wachimbe usiku.

Na kwa kuwa Maka nimemkosea sana, heshima ya kuchimba la kwanza nimempa mume wake.