Siku ya Kufungua Nyumba ya Kufufua Disketi

(Bungulu, mjini Beni, mwaka 2001, wakati wa rebellion, uasi wa silaha. Wazazi na wanafunzi waliomaliza sekondari wamesimama juani tangu asubuhi mbele ya nyumba ya mbao yenye utepe mlangoni. Urbain Kabongo, Mkuu wa Idara ya Mitihani na Informatique, anakohoa kwenye kipaza sauti.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwenyekiti wa Mouvement yenye inashika muji, Mheshimiwa Naibu wa Mwakilishi, ambaye alikuja kwa sababu Mwakilishi hakukuja, bakomanda, bachungaji na bapadri, bawalimu ambao munafundisha bila mushahara lakini na moyo (walimu wanatazama chini), bacommerçants, bachuuzi ba Butembo, ambao gari yao imekwama mu potopoto, matope ya njia, na ambao ninabasalimia kule kule biko, bazazi, batoto, na wewe dactylo wangu Yolande, mupiga chapa wa Idara: amani kwenu! (Askari wanapiga makofi.)

Donc, ninasimama mimi Urbain Kabongo, licencié wa chuo kikuu, mutoto wa Kasai ambaye alifika hapa kwa mission ya wiki mbili na vita ikamufungia njia, mimi ambaye niliingiza ordinateur, ile mashine ya kompyuta, ya kwanza mu Idara, kusudi nibaeleze situation. Batu banasema matokeo ya mitihani ya batoto ilipotea. Ninakataa ile neno. Matokeo iko, mais haionekani. Mungu pia haonekani, na hapa Beni hakuna mutu anasema Mungu alipotea. (Mchungaji mmoja anaguna.)

Mwanzo, matokeo ilikuwa kwenye disque dur, ile chuma ndani ya mashine yenye inashika kumbukumbu yote. Siku moja courant ya groupe, ile jenereta yetu, ikakatika, ikarudi, na mashine ikauliza secrétaire wangu, citoyen Ignace, kama ifute yote na ianze upya. Iliuliza na herufi kubwa, kama mutu wa amri. Na citoyen Ignace ni mutu wa adabu. Tangu bakubwa ba silaha baingie mu muji huu, ni nani kati yetu anajua tena kujibu non? (Mtu mmoja anacheka, askari wanamtazama, anaacha.) Akajibu oui. Mashine ikauliza tena, uko na hakika? Akasimama wima, akavua kofia, akajibu oui ya pili. Sitamupatia sanction, hata azabu kidogo. Kama angekataa, mimi mwenyewe ningeanza kumuogopa.

Mais kiongozi wa kweli anaona mbali! Nilikuwa nimeshafanya copie kwenye disketi, vile vibao vidogo vya plastiki, nikazituma Butembo zikae mbali na vita. Butembo ni baridi, mvua hapana kuisha, disketi zikaota kuvu. Technicien akaandika kwamba zitunzwe pa kavu. Basi, kwa kufuata politique yangu ya kuheshimu desturi za raia, nikatoa ordre zitunzwe vile jamaa zote za hapa zinatunza kitu ya maana. Mama Sophie, mulinzi wa dépôt, ghala yetu kule Butembo, akazitundika juu ya moto wa jikoni, mu moshi, pamoja na mahindi ya mbegu. Takwimu iko hapa: asilimia mia ya disketi ilikauka. Zingine zilikauka mpaka zikashikana. Na mahindi iko muzima kabisa. (Kicheko kikubwa.)

(Mama Katungu, mkulima wa hapo Bungulu, anainua mkono na kusema bila kungoja ruhusa: "Mukubwa, mutoto wangu Rébecca alisoma. Mimi nilimuona vile alisoma. Ijumaa shule ya banesi inafunga kuandika batoto, na bila matokeo hapana bamupokee. Mutamupatia nini?")

Swali nzuri, mama. Ni juu ya Rébecca niko hapa. Nyumba hii nyuma yangu ni Centre Régional de Récupération, nyumba ya kufufua kumbukumbu, ya kwanza kutoka Oicha mpaka Lubero! Itakuwa na mashine za kupasua disque dur yenye ilikufa, vile munganga anapasua tumbo. Itakuwa na climatisation ya kuleta baridi, itakuwa na antenne ya kufika mpaka Rughenda, kule Butembo. Asilimia tisini na saba ya kumbukumbu itarudi, na ile tatu yenye itabaki tutaisamehe. Hata mitihani yenye mutoto hakufanya, tutajaribu kuirudisha! (Wanafunzi wanashangilia. Mama Katungu anauliza kama ni leo.) Mama, haraka haraka haina baraka.

Sasa tuseme pamoja! Disketi! (Kavu!) Kumbukumbu! (Itarudi!) Idara! (Oyé!)

Kwa kumaliza, ninashukuru ba-experts ba Kampala, ambao bangekuja kama tungebaita. Ninashukuru mashine, ambazo tutaagiza siku tutajua majina yake. Ninashukuru zaidi Papa Esdras, ambaye alitoa chumvi yake nje asubuhi kusudi tupate mulango wa kukatia utepe. Ananiambia mvua inakuja, na anaomba tumurudishie hii duka yake. Donc mutawanyike na utulivu. Mama Katungu, mutoto wako abaki. Ninaona Rébecca iko na mikono ya nguvu, na mwaka huu hana tena kazi ingine: amusaidie Papa Esdras kurudisha magunia ya chumvi ndani. Asanteni.