Mama Mkwe Kwenye Mlango wa Mawe

Jumatano, 6 Agosti 2025

Mpango umeiva! Akina mama wa kanisa la kina Priscilla wanataka kwenda Jumamosi kuona kuta za kale za Thimlich Ohinga, kisha wakale samaki Sindo. Wanatafuta wa kuwaongoza. Nimejitolea. Kazi yangu ni kutengeneza simu hapa Migori mjini, na Thimlich sijawahi kukanyaga. Lakini mdomo ninao.

Sababu ni moja. Mama Priscilla atakuwepo, na mimi nataka kumwoa binti yake. Akinisikia nikimwaga historia, atanikubali papo hapo.

Tatizo dogo. Mkwe wa Kijaluo hamsogelei mama mkwe. Hakai naye benchi moja, hali naye chombo kimoja. Nitaongozaje watu ishirini huku nikimkwepa mmoja? Nimepata. Kipaza sauti cha mkono, kile cha kwaya! Nitaeleza nikiwa hatua thelathini mbele. Wakati mwingine najishangaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Mwalimu Tony anakuja pia. Anafundisha historia Homa Bay, na mji mzima unajua anammezea mate Priscilla. Nyoka huyo.

Nimesoma habari za Thimlich kwenye simu ya mteja hadi chaji ikaisha. Sikufika pale panapoeleza mawe yameshikana vipi. Si neno. Nitajaza mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ndefu. Niandike yote.

Kwenye basi la kanisa Tony aliketi ubavuni mwa Mama Priscilla. Akamshikia mkoba. Wakala njugu kutoka karatasi moja! Nilifurahi karibu nicheke. Mwenye nia ya kuoa atakulaje njugu na mama mkwe? Kumbe Tony si mshindani kabisa. Nimemsamehe yote.

Tukapita Macalder, watu wakichekecha mchanga wa dhahabu, halafu tukafika. Nikasahau kipaza sauti mkononi. Mimi! Kuta zinapita kimo changu mara mbili. Mawe matupu, makubwa kwa madogo, na yamesimama miaka mia kadhaa. Ukuta wa choo chetu ulijengwa mwaka juzi na fundi mwenye cheti, na tayari umelala chini. Waliojenga hapa walikuwa watu! Nilitamani kukaa niangalie tu.

Badala yake nikawasha kipaza sauti. Nikatangaza kwamba wazee walikoroga simiti kwa mayai ya mbuni. Akina mama wakaguna kwa heshima. Mama Rael, anayetembeza wageni pale, akanijia polepole.

"Simiti iko wapi, kijana wangu? Nionyeshe."

Nikatafuta. Nikazunguka ukuta mzima nikitafuta. Hakuna hata tone.

Basi akaeleza yeye. Kila jiwe limebanwa na uzito wa mwenzake, na vijiwe vidogo vimejazwa katikati. Mlango ulifanywa mfupi makusudi, adui aingie ameinama, asiweze kuinua silaha. Anaongea kwa sauti ya chini na hakuna aliyekosa neno. Mama hodari! Hata mimi nilisahau kuwa na wivu kwa dakika kama tano.

Kisha nikakumbuka. Nikatoka nje mbio niwaonyeshe adui alivyoingia. Nikainama, nikaingia kwa kasi. Mama Priscilla naye alikuwa ameinama, anatoka.

Paji kwa paji.

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa. Nilipiga kelele kwamba yawa, jamani, nimemuua mama mkwe wangu. Ilisikika hadi barabarani. Kwao sijawahi hata kujitambulisha.

Sindo nilikula nyuma ya basi, peke yangu, uso ukitazama ziwa. Samaki wao, ngege, alikuwa mtamu ajabu. Hilo lazima lisemwe.

Jumapili, 10 Agosti

Paji limevimba. Priscilla hashiki simu. Kanisani sikwenda. Kama nimempoteza kwa ajili ya mayai ya mbuni, sijui nitafanya nini. Naogopa kweli.

Jumanne, 12 Agosti

Priscilla amekuja dukani! Kumbe mama yake alicheka njia yote hadi Sindo. Nyumbani alimwuliza Priscilla huyo anayejiita mkwe ni nani, naye akakiri mapenzi yetu. Mama ametuma maneno haya, na Priscilla aliyasema akinitazama machoni:

"Mwambie mtu hamkimbii mkwe kabla ya posa. Akuje Jumamosi, yeye mwenyewe. Mlango wetu ni mrefu."

Mwanamke wa ajabu. Nilimshika Priscilla mikono yote miwili, nikamwambia Jumamosi lazima.

Alhamisi, 14 Agosti

Sifa zangu zimevuka hadi Kehancha! Mwikwabe, mkulima wa tumbaku, amepiga simu. Yeye na wenzake wanataka kwenda mbuga ya Ruma kumwona swala korongo. Wamesikia kuna kijana wa Migori mwenye kipaza sauti. Huyo swala sijawahi kumwona hata kwenye picha. Siku ni Jumamosi hiyohiyo. Mtu anakataaje?

Kwa kina Priscilla nimepanga vizuri sana. Nimemtuma Tony aende badala yangu. Anajua kuongea, na Mama amemzoea. Nilidhani nitambembeleza, lakini alikubali kabla sijamaliza sentensi. Tayari amenunua suti mpya. Rafiki wa kweli huyo, na mimi nilimwita nyoka.