Nilipozihurumia Meseji za Makaburini

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya mwisho ya majaribio! Ijumaa Bosi Miwani anachagua mtu mmoja wa kubaki chumba cha seva. Tupo wawili. Mimi, na yule kijana ninayemwita Cheti kwa sababu vyeti vyake amevipachika ukutani juu ya kiti chake kama picha za harusi. Mimi nimepachika picha ya Kidoti, mwanangu. Cheti akasema ukuta wa kazi si wa familia. Nikamwambia basi na yeye ashushe zile karatasi, maana anavyozitazama utadhani kazizaa.

Niandike vizuri hapa, ili nikiwa mkubwa wa kitengo nikumbuke nilikoanzia. Kampuni yetu inauza magodoro. Mteja akiagiza tawini, oda inaondoka kama meseji, inakuja kwetu kwenye seva, inapanga foleni, seva inaifikisha ghalani, ghala linapakia lori. Basi. Seva ni tarishi asiye na miguu. Nilipomweleza Baba Kidoti akasema kumbe nalipwa kwa kumwangalia tarishi. Siku hiyo nilimpakulia kidogo.

Ninachokitaka si cheo. (Nakitaka, ila si sana.) Nakitaka kile chumba cha watoto cha ghorofa ya chini, chenye zulia la kijani na kioo kikubwa. Ni cha watoto wa wafanyakazi wa kudumu tu. Kwa sasa Kidoti anashinda kwa mama mkwe. Ijumaa iliyopita nilipokwenda kumchukua, alimng'ang'ania bibi yake shingoni akamwita Mama. Mimi akaniita Anti! Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mtoto ana akili, anamwita mtu kwa anachokiona.

Lazima niipate kazi hii.

Mkakati wa kwanza: kumwahi Cheti. Nilifika mapema mno, mlinzi akanikatalia kuingia, akasema binti, hata taa hazijaamka. Nikakaa kwenye ngazi. Usingizi ukanipitia. Aliyeniamsha ni Cheti, na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa ameingia kitambo kwa mlango wa nyuma.

Jumanne, 5 Machi

Bosi Miwani anafunga seva ya pili, ili hii ikianguka ile ipokee kazi. Alikuwa chini ya meza kati ya nyaya, miwani kichwani, anatafuta miwani. Nikamwonyesha. Pointi kwangu!

Cheti akapewa nyaya. Mimi nikapewa vipaumbele: meseji ipi itoke mbele na ipi isubiri. Ukiipa meseji namba moja, inawapita wenzake. Bosi akasema oda za hospitali ziwe mbele, nyingine kawaida. Rahisi kabisa.

Shida ni simu. Msimamizi wa tawi la sokoni akapiga, akasema mdogo wangu, hebu nisogeze mbele kidogo, wateja wamenikaba koo. Anaongea kwa adabu yule mama! Nikamsogeza. Naye akamwambia mwenzake wa tawi la stendi. Wa stendi akanililia kabisa, na kilio cha mwanamume mimi sikiwezi. Nikamsogeza. Kufikia mchana nilikuwa nimemsogeza mbele kila mtu. Nilijiona mwema kweli kweli. Wateja wote wa kwanza!

Mara wote wakapiga tena, wanauliza mbona hali ni ile ile. Nikatazama skrini. Foleni ndefu kama jana, tofauti ni kwamba sasa hospitali ipo katikati. Bosi Miwani akaishusha miwani puani, akaniuliza kwa upole: mama, wote wakiwa mbele, nyuma kuna nani? Nikamjibu hakuna mtu, bosi, ndiyo uzuri wake. Hakucheka. Cheti alicheka kwa niaba yake.

Jumatano, 6 Machi

Bosi Miwani amekwenda tawini, anarudi kesho. Ameacha agizo moja tu: kule makaburini msiguse kitu, nitakagua mwenyewe.

Makaburini si makaburi. Meseji ikishindwa kufika, labda anwani ina kasoro, labda ghala siku hiyo halikujibu, seva inaijaribu tena na tena. Ikichoka, inaitoa kwenye foleni na kuitupa pembeni. Zinalala huko. Idadi yake inaonekana kwenye skrini kwa rangi nyekundu, kama jicho la mtu aliyelia.

Sikugusa. Nilisoma tu! Kusoma si kugusa.

Lo, watu wameteseka humu. Kuna maharusi walioomba godoro pana, "kabla ya Jumamosi tafadhali". Jumamosi ya mwaka gani, Mungu wangu! Kuna shule inaomba mito. Kuna nyumba ya wageni. Na kuna moja iliyonimaliza: godoro dogo la kitanda cha mtoto, na chini yake mama ameandika kwamba mtoto ameanza kujigeuza, anaogopa ataanguka. Nilikwenda chooni nikajipangusa macho. Yule mtoto atakuwa ameshaanguka. Atakuwa ameshaanza kutembea!

Cheti akaniambia dada, hizo zimekufa, achana nazo. Nikamwambia angekuwa amezaa asingetamka hivyo. Akasema wengine walishaagiza upya, wengine walishaghairi. Nikamwuliza ana ushahidi gani. Akasema ana njaa, akatoka kwenda kula.

Kuna kitufe. Kimeandikwa RUDISHA ZOTE. Sasa kama hakitakiwi kubonyezwa, wamekiweka cha nini?

Nikabonyeza.

Ee! Zilivyotoka mbio! Namba nyekundu ikashuka, ikashuka, mpaka sifuri. Sijawahi kuona sifuri nzuri namna ile. Cheti aliporudi akaiona, midomo ikamkauka. Jamani wivu.

Jioni nikamwambia Baba Kidoti atafute begi zuri la mtoto, la kwendea chumba cha watoto. Akauliza kama nimeambiwa rasmi. Nikasema moyo umeniambia. Akasema moyo huo huo ndio ulionunua pasi isiyopata moto.

Alhamisi, 7 Machi

Malori yametoka! Asubuhi nzima! Mkuu wa ghala alipiga simu kuuliza kama nchi nzima imeamua kulala. Nikamwambia pakia tu, kaka, watu wamengoja sana.

Halafu zikaanza simu nyingine.

Wale maharusi walishaachana. Godoro limefika kwa mume, limepokewa na mke mpya, na mke mpya anataka kujua hao "maharusi" wa kwenye karatasi ni akina nani. Nyumba ya wageni siku hizi ni kinyozi. Kapelekewa magodoro mpaka mlangoni, wateja wananyolewa wamejilaza. Shule ilishapata mito yake mwaka jana, leo imepata tena, na watoto wanapigana nayo tangu asubuhi. Mwalimu mkuu alikuwa ananifokea vizuri tu, mara nikasikia mto ukimpata, simu ikakatika.

Na kuna meseji moja iliyogoma. Haina anwani hata herufi moja. Ghala linaitema, inarudi makaburini. Nikamkumbuka Kidoti na uji wake. Kidoti ukimvumilia, anameza. Basi nikaivumilia. Kila ikitemwa naibonyeza tena kwa upendo, na namba moja naipa, ipite mbele. Kumbe nyuma yake kila kitu kimesimama! Matawi yote! Hospitali nazo! Cheti alikuwa ananiita dada, dada, dada, nikadhani ananihesabia makosa.

Bosi Miwani aliingia mbio, mkoba bado begani, akaiondoa ile meseji kwa kidole kimoja. Foleni ikatembea. Akaomba maji. Hakuuliza ni nani. Alitazama vyeti vya Cheti ukutani, akatazama picha ya Kidoti, akanitazama mimi. Akaomba maji mengine.

Lakini pigo lenyewe lilikuwa linanisubiri kwa mama mkwe.

Sebuleni, godoro jipya! Kumbe naye aliwahi kuagiza zamani, akaghairi, na oda yake ilikuwa imelala pamoja na zile nyingine. Akanikumbatia. Mara ya kwanza tangu niolewe! Akaniita mwanangu. Akasema alikuwa anadhani kazi yangu ni porojo, kumbe ina maana. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Halafu akasema, basi maadamu Kidoti sasa ana pa kulala hapa, ya nini kumsumbua kumbeba kila jioni? Akae moja kwa moja. Mimi niwe nakuja Jumapili kumwona. Kidoti alikuwa anarukaruka juu ya lile godoro, akanipungia mkono. Bai, Anti!

Leo nimeondoka naye, lakini bibi yake amesema mazungumzo hayajaisha. Na godoro nimelipeleka mwenyewe. Kwa kidole changu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimevaa gauni langu la heshima. Tuliitwa kwa mkurugenzi: Bosi Miwani, Cheti, mkuu wa mauzo, na mimi nimekaa ukingoni mwa kiti kama mgonjwa.

Bosi Miwani alieleza kila kitu bila kupaza sauti, jambo ambalo ni baya zaidi. Mkurugenzi akaniuliza kwa nini nilibonyeza. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri sana kuhusu umeme kukatika. Mdomo ukafunguka, nikasema kuna mama aliogopa mtoto wake ataanguka.

Mkurugenzi akamgeukia mkuu wa mauzo.

Mkuu wa mauzo akakohoa. Akasema huyo mama alipiga jana. Mtoto yule ameshakua, analala kitanda kikubwa. Ila amepata mwingine, na godoro limefika siku ile ile aliyotoka naye hospitali. Anaomba kuongea na aliyelituma. Na kinyozi hataki kurudisha magodoro, anasema wateja wamegoma kuamka, anaomba na mito. Nikasema mito ipo shuleni. Mkurugenzi akacheka, akajifanya anapiga chafya.

Bosi Miwani hakucheka. Akasema asiyefuata neno lake hataigusa seva yake tena, na chumba cha seva ni cha Cheti. Cheti akainama kwa adabu. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa naiona Jumapili tu, Jumapili hadi Jumapili.

Ndipo mkuu wa mauzo akasema yeye ana kiti tupu kwenye meza ya malalamiko ya wateja. Kila anayewekwa pale anakimbia. Anamtaka mtu mwenye huruma, na wateja wote wenye hasira wiki hii ni wangu tayari, kwa nini niwaache? Nikauliza ni kazi ya kudumu? Ya kudumu. Nikauliza, na chumba cha watoto? Mkurugenzi akauliza chumba gani.

Aliyejibu ni Bosi Miwani. Akasema mtoto aingie Jumatatu. Hakunitazama. Alikuwa anafuta miwani, na anaifuta sana.

Mama mkwe nimemweleza jioni. Nikamwambia godoro abaki nalo, mimi nabaki na mtoto. Kwa adabu! Nilianza na shikamoo. Amenuna, lakini ameuliza kama hicho chumba kina mito ya kutosha.

Jumatatu, 11 Machi

Kidoti ameingia chumba cha watoto! Akamwita mlezi Mama. Akamwita mlinzi Mama, pamoja na masharubu yake. Cheti alipopita akaitwa Mama pia, akapotea njia mpaka chumba cha mafaili. Mimi, Anti. Nikajikaza, nikapanda kazini.

Saa nne nikashuka kuchungulia kwenye kile kioo kikubwa. Kidoti akainuka kwenye zulia, akaja mbio akiyumba, akabandika viganja vyote viwili kwenye kioo. Akaita: Mama!

Niligeuka nyuma kuona anamwita nani. Hakukuwa na mtu.

Nimerudi juu sijui kwa miguu ya nani. Moyo umefurika. Leo namtakia mema kila kiumbe, hata Cheti. Nimefungua kompyuta ya malalamiko, na kushoto kuna sehemu imeandikwa YALIYOFUNGWA. Mengi mno! Mkuu wa mauzo ametoka, amesema nisiyaguse mpaka arudi. Siyagusi. Nasoma tu.

Lo, watu wameteseka humu.

Na kuna kitufe.