Ombi la Saba

Jumatano, 1 Desemba 2004

Naandika shajara hii kwa sababu moja, nami naitaja bila kuzunguka: Vaileth anahamia Houston tarehe 2 Januari, na bado sijamwambia kwamba nampenda. Siku thelathini na mbili. Muda unamtosha mtu mwenye mpango.

Na mpango umejileta wenyewe! Jioni alinipigia simu Mama Dorothea, mwandalizi mkuu wa sherehe ya Uhuru ya jumuiya yetu ya Watanzania. Itafanyika Jumamosi tarehe 11, ukumbini Greenbelt. Alitaka niandike risala kwa mgeni rasmi, na mwaka huu ndani yake niyataje matukio makubwa ya mwaka katika jimbo letu la Maryland, ili watoto waliozaliwa huku wajue wanakoishi. Alisisitiza kurasa mbili. Pilau, alisema, haimngoji msomi.

Nimemhakikishia kwamba nitajibana. Utangulizi nimeshaukamilisha. Kurasa tatu.

Vaileth atakuwapo. Atanisikia. Mwanamke akimsikia mwanamume akipanga mwaka mzima kwa ufasaha, atajiuliza kama anaweza kupangiwa maisha pia.

Ijumaa, 3 Desemba

Utafiti. Mchana kazini hapakuwa na wateja. (Nauza magodoro hapa barabara ya Rockville Pike. Kwa muda tu. Shahada ya uzamili katika utawala wa umma haiozi.) Nililala juu ya godoro la maonyesho na kuorodhesha matukio.

Mei: wadudu nyenze. Walikaa ardhini miaka kumi na saba, wakatoka wote kwa pamoja kuimba na kutafuta wenza. Agosti: kijana muogeleaji wa Baltimore alirudi kutoka Athens na dhahabu sita. Septemba: masalia ya tufani, upepo, miti chini. Novemba: uchaguzi.

Tatizo la kitaaluma limejitokeza. Kila tukio nikiligusa, Vaileth yumo. Nyenze: siku ya mahafali yangu mmoja aliingia ndani ya joho, na ni yeye, mgeni wa mtu mwingine kabisa, aliyenitolea. Vidole vyake shingoni! Muogeleaji: tuliitazama ile fainali kwa Mama Dorothea, kochi moja, kati yetu Gitau tu, Mkenya ninayeishi naye, na bakuli la bisi. Tufani: aliwapigia watu simu kuwauliza kama wako salama. Mimi nilikuwa wa tatu. Wa tatu si mbaya.

Nilimpigia kwa kisingizio cha utafiti, nikamwomba ataje tukio moja la mwaka. Alicheka. Alisema anakumbuka msomi mmoja aliyevaa joho, mweupe kama unga wa ngano, akimsihi mtu asiyemjua ampe msaada wa kitaalamu. Kisha akanyamaza. Ulikuwa ukimya mzuri sana, wa kumfaa mtu kusema jambo.

Nikamshukuru kwa ushirikiano wake.

Jioni akapiga Clement. Huyu anaishi Virginia, ndiye mshereheshaji wa kila sherehe, ana gari kubwa, na kila Vaileth anapotaka kwenda popote, Clement ndiye dereva. Alilalamika kwa nini Maryland peke yake. Nusu ya jumuiya iko Virginia! Aliuliza sisi wa Maryland tuna nini zaidi ya kaa wa baharini na foleni. Nikamjibu kwamba Virginia itazingatiwa katika kiambatisho. Akapiga kicheko. "Kiambatisho! Haya, Daktari." Mimi si daktari. Sikumsahihisha.

Jumapili, 5 Desemba

Nimekwenda Springfield, Virginia, kumpelekea Vaileth rasimu ya risala, atoe maoni. Treni mbili na mwendo wa miguu. Baridi. Tai shingoni.

Kuta zake ni tupu. Kanga iliyokuwa juu ya televisheni imeshushwa. Masanduku yamepangwa mlangoni, kila moja limeandikwa kwa mwandiko wake mdogo wa kiuguzi: vyombo, vitabu, jikoni. Clement alikuwapo. Alikuwa akibeba! Akaniuliza kama nimekuja kusaidia au kuhutubia.

Vaileth alinipa chai ya tangawizi kwenye kikombe pekee kilichokuwa hakijafungwa. Aliisoma rasimu akiwa amesimama, hadi mwisho, midomo ikicheza. Akaniuliza kama hiyo ndiyo yote niliyotaka kusema. Clement alikuwa amekwenda garini. Tulikuwa wawili. Nilitazama alama mbili za misumari ukutani, nikafikiri kwamba mwezi ujao mtu mwingine atatundika picha yake pale, wala hatajua ni nani aliyekuwa akiishi humu.

Nikasema ndiyo, isipokuwa kiambatisho. Nikamtakia safari yenye mafanikio.

Safari yenye mafanikio! Treni ya kurudi ilikuwa ndefu.

Jumanne, 7 Desemba

Gitau ameniuliza mbona siku hizi nakula nikitazama ukuta. Nikamweleza kwa kirefu. Akanikatiza nikiwa kwenye usuli. "Wacha mchezo, msee. Si umwambie tu huyo dame? Ni words tatu." Wakenya hawana utaratibu.

Lakini usiku huu utaratibu umenifunulia njia! Kila risala humalizikia kwa maombi. Na mgeni rasmi hulijibu kila ombi, moja baada ya jingine, mbele ya watu wote. Katika maisha yangu yote, nyumbani na huku, sijawahi kumwona mgeni rasmi akikataa ombi hadharani. Haiwezekani. Ni kama kukataa chakula msibani.

Mgeni rasmi wetu ni Mzee Ferdinand, mhandisi mstaafu wa mambo ya anga, mtu wa kanuni. Vaileth humheshimu kama baba. Mzee akiafiki, nani atapinga?

Maombi yaliyokuwapo ni sita. Nimeongeza la saba.

Jumamosi, 11 Desemba

Yamekuwa.

Nilianza vizuri. Itifaki niliizingatia kwa dakika nne. Kwenye nyenze watu walicheka mahali nilipokusudia wacheke. Nilipoeleza kwamba kiumbe anaweza kungoja gizani miaka mingi kwa ajili ya mwenza mmoja, nilimtazama Vaileth. Alikuwa meza ya tatu, gauni la kijani, amenitazama pia. Naapa alikuwa amenitazama.

Kwenye Septemba Clement alinipungia saa yake. Kwenye Novemba Mama Dorothea alifunua sufuria ili harufu ya pilau inihimize. Sikuyumba. Nikasoma maombi: ukumbi mkubwa zaidi, darasa la Kiswahili la watoto, na mengine, hadi la sita, viti vya kukunja. Kisha:

"Ombi la saba. Ndugu Mgeni Rasmi, sisi wanajumuiya tunakuomba, kwa heshima na taadhima, utusaidie kumbakiza kati yetu dada yetu Vaileth, kwa njia ya ndoa, na kijana mmoja msomi, mwenye maadili, mkazi wa Rockville, ambaye jina lake limehifadhiwa kwa sababu za kiitifaki."

Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kwa Kiingereza kama huyo wa Rockville ndiye mimi. Mama akamjibu ndiyo, na anyamaze.

Mzee Ferdinand alisimama. La kwanza amelipokea. La pili linafanyiwa kazi. La sita viti vitapatikana. Alipofika la saba alivua miwani. Alisema katika fani yake chombo hakirushwi angani bila majaribio, na kwamba jambo zito halijibiwi na mtu mmoja. Kwa hiyo anaunda kamati. Wajumbe saba! Mwenyekiti: Clement. Katibu: mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Ukumbi ukapiga makofi. Vigelegele meza ya nyuma.

Hakukataa. Hilo nililikadiria sawasawa.

Vaileth aliiacha sahani yake haijaguswa. Akachukua koti. Alipita mbele yangu, akasimama, akasema, "Elisante, jamani." Maneno mawili. Nimeyachambua tangu saa tatu na bado sijayapatia maana moja.

Jumatatu, 13 Desemba

Kikao cha kwanza cha kamati, kwa simu, sote kwenye laini moja. Mama Dorothea alitaka tuanze na rangi ya sare, anapendekeza zambarau. Mjumbe mwingine alipendekeza kamati ndogo ya chakula. Kisha Mwenyekiti akauliza kama mhusika mwenyewe ameshaulizwa.

Mama Dorothea akarudi kwenye zambarau.

Niliandika kwenye muhtasari kwamba hoja hiyo imeahirishwa.

Wengine walipoaga, Clement alinizuia. Aliniambia ana mke Morogoro na watoto watatu, karatasi zao za kuhamia huku zinashughulikiwa, na anabeba masanduku ya Vaileth kwa kuwa yeye ndiye mwenye gari, basi. "Mdogo wangu, mwanamke haombwi kwa risala. Nenda umwambie." Akaongeza kwamba kila anapompitia Vaileth kumpeleka kwenye shughuli zetu, swali lake la kwanza garini ni kama mimi nitakuwapo.

Kila anapompitia! Nimelipigia mstari mara mbili.

Nikamshukuru Mwenyekiti kwa mchango wake.

Jumatano, 15 Desemba

Vaileth amepiga simu! Alikuwa kwenye mapumziko ya zamu. Nyuma yake nilisikia kengele ya mgonjwa. Alisema hakukasirika kwa kupendwa. Alikasirika kwa kuwa wa saba, baada ya viti vya kukunja. Alisema mkataba wa Houston hajautia sahihi. Umekaa juu ya sanduku la vyombo, na Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya kuurudisha. Tangu Mei, alisema, ananiona nikifungua mdomo, na kila mara inatoka hotuba.

Akaniuliza kama naweza kwenda kwake Jumapili. Saa kumi. Atapika ndizi na nyama. Niende peke yangu, nimwambie ninalotaka kumwambia, na yeye ana lake la kuniambia. Hapo sauti yake ilishuka, ikawa ndogo, kama ya mtu anayeongea na mto wake.

Neno lilinifika kwenye ulimi. Lilikuwa pale kabisa.

Nikasema nimeupokea mwaliko wake kwa mikono miwili.

Gitau, aliyekuwa akisikiliza bila kibali, aliruka juu ya kochi akipiga kelele kwamba nimewin, niende tu, niseme, nirudi na mke. Nami nilikubaliana naye karibu saa nzima. Nilifurahi. Niliosha shati.

Lakini nikitafakari kwa utulivu, jambo hili liko mikononi mwa kamati iliyoundwa na mgeni rasmi. Katibu hawezi kulimaliza kwa siri, akila ndizi. Ingekuwa dharau kwa Mzee Ferdinand, na Vaileth mwenyewe angeniona mtu asiye na msimamo. Amesema niende peke yangu kwa staha tu, ili asiisumbue kamati. Ataona fahari mlango ukifunguka na watu saba wamesimama kwa ajili yake. Hotuba nitaifupisha. Kurasa nne.

Baruapepe nimeshaituma kwa wajumbe wote, Mwenyekiti atoe usafiri: tukutane Jumapili, tarehe 19 Desemba 2004, saa kumi kamili jioni, Springfield, nyumbani kwa mhusika.