Boila Haimo Kitabuni

Jumatano, 7 Februari
Elwood Prusky kaniharibia kahawa. Kaingia mkahawani kwa Bernice, kakalia stuli yake ya kando ya hita, stuli ninayoimezea mate miaka ishirini sasa, kisha kachomoa kitabu kotini. Kitabu! Elwood! Mtu aliyegawa barua za mji wetu wa Tolliver mzima na nusu yake akazipeleka nyumba siyo. Akatangaza kwamba yumo kwenye riwaya ya tatu ya Profesa Krantz, ukurasa wa mia na kumi na mbili. Eti mle kuna mleta barua anayeteleza ngazini, ndiye yeye, na kovu analo. Akataka kutuonyesha. Bernice akamwambia afunge mkanda wake, hapa watu wanakula.

Halafu Bernice kaleta habari. Profesa Krantz anastaafu mwezi wa Mei. Riwaya yake ya mwisho inakwenda posta Jumatatu, kwa wachapishaji New York. Ya mwisho!

Siku tano! Ni lazima niingie mle. Mimi Orville Stang, miaka sabini na tisa, meno kumi na moja ya kwangu mwenyewe, nimechochea boila, lile tanuri la kupasha joto chuo anachofundisha Profesa, miaka arobaini na moja. Bila moto wangu wale wasomi wote na ndevu zao wangeganda kama samaki. Riwaya gani itaandikwa Tolliver bila mimi?

Alhamisi, 8 Februari
Nimeanza kazi! Mji mzima unajua kwamba Profesa huandika dirishani kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nne, na hakuna anayethubutu kugonga mlango. Sikugonga. Nimekwenda uani kwake kuondoa theluji kwa koleo, mikono ya shati nimekunja, naimba. Mwandishi akiinua macho, aone nini? Shujaa!

Hakuinua macho. Nikaleta mashine yangu ya kurusha theluji, nikaiwasha. Mashine nzuri, ila bomba lake lilielekea nyumbani. Dirisha lote likafunikwa, chini mpaka juu.

Akatoka na koti juu ya nguo za kulalia. Akasema alikuwa anaandika sebuleni, sasa anaandika kaburini. Akaniuliza kama nimekunywa chai. Akarudi ndani.

Lakini kaniona! Mwandishi hasahau.

Ijumaa, 9 Februari
Leo nimekuwa mwanafunzi! Sheria ya Ohio iko wazi: ukishapita miaka sitini unakaa darasani bure. Nimekwenda kwenye darasa lake la uandishi na kurasa mbili nilizoziandika mwenyewe. Mkono unauma kuliko siku ya koleo. Zinaeleza jinsi nilivyookoa chuo kizima kwenye theluji kuu ya mwaka sabini na nane, saa thelathini bila kuiacha boila yangu.

Sasa darasa lile lina mila ya ajabu. Kazi yako ikishasomwa, wewe unafunga mdomo. Wenzako wanakuchambua kama kuku na wewe umekaa hapo hapo! Huruhusiwi hata kukohoa kwa maana.

Kijana wa kwanza akasema msimulizi huyu haaminiki. Binti wa nywele za kijani akaonyesha kwamba ukurasa wa kwanza ni saa thelathini na wa pili ni saa hamsini. Nikasema bila shaka, saa ziliendelea kupita! Profesa akagusa midomo yake kwa kidole. Mwingine akasema anamhurumia mzee wa hadithi, maana hakuna hata mtu mmoja anayemwambia asante.

Hapo nikasimama. Kiti kikaanguka. Nikawaambia huruma wakawape paka wao! Dakika sita nilikuwa nimenyamaza, nimehesabu kwenye saa ya ukutani. Hata mazishini sijawahi kufika sita.

Wengine walipotoka, Profesa akaniuliza ninachotaka hasa. Nikamwambia bila kuzunguka: nataka kuingia kitabuni. Akanitazama sana. Akauliza nimesoma vitabu vyake vipi. Nikasema vyote. Akauliza nani anakufa katika kile cha kwanza. Nikasema yule aliyestahili. Akacheka mpaka akavua miwani. Kaniambia nije kwake Jumapili mchana.

Nimeshinda! Ila ukweli, nauandika humu tu: mimi na vitabu hatujagombana, hatujuani tu.

Jumamosi, 10 Februari
Elwood kasikia habari za darasani. Kaanza kwa sauti ya kuuzia mnada: "Jamani, huyu mzee alifukuzwa shule akiwa na miaka kumi na minne, sasa kafukuzwa tena!" Nikamwambia sikufukuzwa, nilisimama. Akasema mimi nikiingia riwayani nitaingia kama moshi wa boila.

Tukawekeana sharti mbele ya Bernice. Nikimwonyesha kitabu cha Krantz chenye mimi ndani, stuli ya kando ya hita ni yangu mpaka kufa. Nikishindwa, sitataja tena boila kwa mdomo wangu. Milele! Mkahawa mzima ukapiga makofi. Sijui walikuwa wanampigia nani.

Nisiitaje boila? Nitaongea nini basi?

Jumapili, 11 Februari
Siku kubwa! Profesa kanikaribisha na pai ya tufaha. Kachukua riwaya yake ya kwanza, ya mwaka themanini na moja, kasema nisome ukurasa wa kwanza kwa sauti. Nimesoma na kidole. Polepole, lakini nimesoma.

Mwalimu kijana, mgeni mjini, yuko peke yake na theluji imefika madirishani. Kuni zimemwishia. Anachoma jikoni karatasi alizoandika, moja moja, na ameshaamua kurudi kwao Nebraska. Mlango unasukumwa. Anaingia mwanamume, theluji kiunoni, sikio moja limekuwa jeupe kwa baridi. Anamnyang'anya karatasi zilizobaki. Anamwambia karatasi haina moto, hiyo inafaa kusomwa tu. Anarudi nje, analeta kuni zake mwenyewe, anawasha, anaondoka bila kutaja jina.

Profesa akasema, "Ni wewe, Mzee Stang, na mwalimu ni mimi, theluji ile ya sabini na nane." Karatasi zile ndizo zikawa kitabu hiki, akasema, na bila kitabu hiki hakuna vile vingine sita. Akafungua mbele kabisa. Pamechapwa: Kwa mwenye sikio jeupe. Miaka thelathini na saba imo mle! Alidhani najua.

Nilikuwa sikumbuki. Sikio nalikumbuka. Nilikuwa napita tu, nakwenda kwenye boila.

Macho yakanitoka maji. Jiko lake linavuja moshi, itabidi nilitazame.

Kisha nikauliza: na boila? Akasema boila haimo. Nikapekua. Haimo kweli! Wala jina langu! Masikio meupe mwaka ule yalikuwa mji mzima, Elwood ataniumbua! Nikamwomba aniongeze kwenye hii mpya. Akasema hii inahusu mfuga nyuki. Nikamuuliza, mfuga nyuki hasikii baridi?

Kanipa kile cha kwanza niende nacho. Kasema nikisome mpaka mwisho. Nitakisoma, nikipata nafasi.

Jumatatu, 12 Februari
Ushindi! Saa mbili na nusu nimechukua kadi ya maktaba, ya kwanza maishani. Wana nakala tatu za kitabu changu. Nimekaa na kalamu, nikaandika pembeni mwa ukurasa wa kwanza: Huyu ni O. Stang, aliyekuwa anakwenda kuokoa boila, saa hamsini. Nakala mbili zimekamilika. Kwenye ya tatu Bi. Maddox wa maktaba kanikamata mkono. Kadi imeishi dakika arobaini.

Haidhuru! Nakala yangu nimeirekebisha mwenyewe, kurasa nne za mwanzo, boila kila ukurasa. Nikampelekea Elwood. Akasema huu ni mwandiko wako, mzee, wino haujakauka. Nikamwambia asome.

Akasoma. Akarudia tangu juu. Akatazama sikio langu.  Kainuka, kachukua kikombe chake, kaenda kukaa kule mlangoni kwenye upepo. Bernice kanimiminia kahawa.

Bila shaka ni ile boila ndiyo iliyowashinda.

Naandika haya nikiwa kwenye stuli. Mguu wake mmoja ni mfupi na hita inaniunguza sikio, lakini ni yangu! Sasa ni saa tano. Bahasha ya Profesa iko kibarazani kwake, nimeiona nikipita, na gari la posta huichukua saa nane. Haijafungwa vizuri. Mfuga nyuki anaganda mle ndani, masikini, na kalamu ninayo.