Kulungu wa Kamera Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza kazini! Dada, binti wa mama mkubwa, anasomea udaktari. Si ule wa sindano, ni ule wa utafiti chuoni, ingawa Mama ameshawaambia majirani walete vikohozi vyao. Anachunguza ugonjwa unaowakondesha kulungu wa msituni na jinsi wanavyoambukizana kwa mate. Amefunga kamera sita kwenye miti. Mnyama akipita, kamera inapiga picha yenyewe. Mimi nahesabu kulungu.

Mwenzangu ni msichana wa mwaka wa pili chuoni. Nimempa jina Mjuaji. Anaongea bila kituo. Mimi tangu asubuhi nimesema neno moja: ndiyo.

Mwezi ujao Dada anakwenda kambini kuwavisha kulungu mikanda ya shingoni ya kuwafuatilia. Gari limejaa vifaa, limebaki na nafasi ya msaidizi mmoja. Naitaka nafasi hiyo kuliko nilivyotaka kufaulu hesabu. Kuiomba kwa mdomo wangu? Afadhali nimeze glavu.

Jumanne, 4 Machi

Tumegawana kamera, tatu tatu. Za Mjuaji: kulungu arobaini na mmoja. Zangu: nungunungu wawili na mkia. Mjuaji aliuliza kama huo mkia nao una mwenyewe. Dada alicheka. Dada!

Nimesoma kwenye maandishi yake kwamba kulungu wanapenda chumvi kupita kiasi. Jikoni kwetu kuna chumvi ya mawe. Nimeshasema vya kutosha.

Jumatano, 5 Machi

Nimeimwaga mbele ya kamera yangu, namba nne. Imenipiga picha tisa, nimezifuta zote. Faida ya kuwa mhesabuji.

Mama ameuliza chumvi imekwenda wapi. Nimemjibu daktari ameshauri tupunguze. Daktari gani? Dada. Si uongo mtupu, siku moja atakuwa.

Ijumaa, 7 Machi

Kulungu mia moja na kumi na wawili! Wanasukumana kama watu kwenye bomba siku ya mgao wa maji. Mjuaji alizihesabu upya mara mbili.

Dada alipiga makofi, kisha akaacha. Alinionyesha kulungu mmoja, mbavu nje, udenda unamchuruzika, analamba palepale wanapolamba wengine. Akasema polepole kwamba basi hapa ndipo wanapoambukizana, na sura nzima ya tasnifu yake itaandikwa juu ya mahali hapa. Akampigia simu Profesa anayemsimamia. Anakuja Jumatatu.

Aliyewakusanya ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeandika barua ya kukiri, kurasa tatu. Dada amenipita mara sita. Mara ya saba nikapiga moyo konde, nikampa karatasi. Ilikuwa orodha ya glavu.

Basi nimekwenda kuiondoa chumvi mwenyewe. Imeshaingia ardhini! Nimechimba udongo nikaubeba kwenye begi langu la shule. Kulungu mmoja amenifuata nusu ya njia akilinusa begi. Picha nitazifuta Jumatatu asubuhi na mapema.

Jumatatu, 10 Machi

Mjuaji aliwahi kuliko mimi. Kadi za kamera alizileta yeye.

Picha zikarushwa ukutani mbele ya Profesa. Ya kwanza: kulungu. Ya pili: mimi na koleo. Ya tatu: mimi, uso mzima, naangalia kama kamera imezimika. Profesa alivaa miwani, akauliza huyu ni mnyama gani.

"Huyu ana begi, Profesa," akasema Mjuaji.

Hapo nikatoa sentensi yangu ya kwanza kazini: "Ni chumvi ya Mama." Nikalia.

Dada hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Aliuliza tu kama najua yule mgonjwa amelamba pamoja na wangapi. Nilijua. Kumi na tisa. Nilikuwa nimewahesabu.

Kamera namba nne imetolewa kwenye utafiti. Nafasi ya gari kapewa Mjuaji. Mimi nimepewa chupa za kuosha.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeona rasimu ya Dada mezani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Takwimu za kamera namba nne zimeondolewa kwa sababu ya chumvi iliyowekwa na msaidizi." Msaidizi! Nimeingia kwenye tasnifu! Mjuaji hayumo hata kwa nukta. Mama ameshawapigia simu ndugu wote.

Na kuna zaidi. Lazima wale kumi na tisa wafuatiliwe, ijulikane nani anakonda. Mjuaji hawezi kuwatofautisha. Mimi nawajua wote: Sikio Moja, Bi Kiherehere, yule mwenye pembe ya kombo. Dada amesema nikiwapata wote kwenye picha kabla ya Jumapili, ataufunga mzigo mmoja juu ya gari, nami nipate pa kukaa.

Leo wamepita wanne tu. Wametawanyika mno, masikini.

Jikoni kuna pumba za mahindi, nusu gunia. Nitazigawa mafungu kumi na tisa mbalimbali, kila mtu na sahani yake. Na safari hii nitapitia nyuma ya mti. Kamera haina macho kisogoni.