Nyanchera wa Bukavu

Jumatatu, 12 Mei
Habari tamu! Kuna mradi Kisii mjini unaofunza watoto wa wahamiaji kusoma. Wakongo, Warundi, yeyote aliyefika juzi. Bure! Vitabu vipya, na uji saa kumi. Na binti yangu Nyanchera yuko gredi ya tatu, hasomi hata sentensi moja. Jana aliona neno "kiatu" akasoma "mguu", kwa kufuata picha. Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba, moyo ukiniuma. Binti wa shemeji Anyona husoma Biblia mbele ya kanisa zima. Anyona hunitazama mimi, si Biblia. Basi. Kuanzia kesho Nyanchera ni Mkongo.

Jumanne, 13 Mei
Ruth, mke wangu, asema nina wazimu. Wivu tu. Mazoezi: jina Linda, kwao Bukavu, Kongo, na Ekegusii, lugha yetu Wakisii, haelewi neno. Mama yangu akapita na mkungu wa ndizi, akamsalimia Nyanchera. Mtoto akaitika vizuri kabisa, kwa Ekegusii. Nimemgombeza kwa kumsalimia nyanya yake! Mama amekataa chai yangu.

Alhamisi, 15 Mei
Msimamizi wa mradi ni Shruti, wa ile familia ya duka la vitambaa. Muhindi! Nilifurahi sana. Kila swali nilimpa mtoto jibu kwa Ekegusii, bila hata kunong'ona. Sema baba alibaki vitani, mimi ni jirani tu. Lia kidogo. Usiogope, huyu haelewi kitu.

Shruti akaandika taratibu. Kisha, kwa Ekegusii safi kuliko cha mchungaji wetu, akamwambia Nyanchera asilie, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Kumbe amekulia dukani, na nyanya zetu hawajui kubishania bei kwa Kiswahili.

Tumerudi nyumbani Kiogoro. Nyanchera aliniuliza kama ni yeye aliyekosea. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ijumaa, 16 Mei
Shruti amempigia Ruth simu, si mimi. Kumbe kila mtoto mgeni huketishwa pamoja na mtoto mwenyeji, wasome pamoja na afundishwe Ekegusii. Wageni ni kumi na wawili, wenyeji wanane. Wakisii ndio wanaotafutwa! Ningesema ukweli tangu mwanzo, mtoto angekuwa darasani. Ataanza Jumatatu, kwa jina lake. Sharti ni moja: apelekwe na mama yake.
Nimeapa. Ujanja basi.

Jumamosi, 17 Mei, Sabato
Anyona kaniuliza mbele ya watu kama mtoto ameanza kusoma. Ningefanyaje? Nimemwambia Nyanchera amechaguliwa kufundisha watoto wa kigeni. Si uongo! Mzee wa kanisa akasikia, akafurahi kupita kiasi. Sabato ijayo Nyanchera atatusomea Zaburi.
Ruth hasemi nami. Nyanchera amelia, lakini mimi nimeshapata Zaburi ya mia moja na kumi na saba, aya mbili tu. Siku saba zinamtosha kuikariri. Kazi yake ni kukumbuka kutoshika Biblia juu chini.